Maji ya Bamvua Yakifika Uani

Mwongozo kwa anayeishi, anayelima au anayetaka kujenga karibu na bahari

Kama unaishi Kipini, Pangani, Kilwa, Micheweni au Kigamboni, huhitaji mtu wa kukuambia kwamba bahari inasogea. Minazi iliyokuwa mbali na maji sasa mizizi yake iko nje. Plasta ya ukuta inabanduka kwa chini na kuacha unga mweupe wa chumvi. Sabuni inakataa kutoa povu kwa maji ya kisima ambacho wazee walikisifia utamu. Taarifa unazo tele. Shida ni kujua uanze na lipi, lipi lifuate, na lipi uliache hata kama jirani yako amelifanya.

Mpangilio wa mwongozo huu ni wa makusudi. Kupima kunatangulia, maji ya kunywa yanafuata, na ukuta unakuja baadaye sana. Wengi huanza na ukuta, na pesa zao huishia humo.

Kwanza ujue inavyokuja

Usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018. Kati ya 2006 na 2018 kasi ilifika milimita 3.7 kwa mwaka. Sababu kubwa ni mbili: maji yakipata joto hutanuka, na barafu za milimani, za Greenland na za Antaktika zinayeyuka. Mwaka 2021 Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC) lilikadiria kwamba ifikapo 2100 bahari itakuwa imepanda kwa sentimita 28 hadi 55 ikiwa dunia itapunguza uchafuzi haraka sana, au sentimita 63 hadi 101 ikiwa uchafuzi utabaki katika kiwango cha juu kabisa. Ulinganisho huo ni na wastani wa miaka ya 1995 hadi 2014.

Mvuvi akisikia milimita 3.7 hucheka, na ana haki. Siku za bamvua maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa karibu mita 4 kati ya kupwa na kujaa. Milimita tatu na ushei ni nini mbele ya hapo?

Ni hivi: bahari haiji kwa wastani. Inakuja siku moja, pale bamvua kubwa, upepo wa nguvu na mvua vinapokutana. Kila sentimita iliyoongezeka chini huinua siku hiyo, na siku iliyokuwa ikitokea mara moja katika umri wa mtu huanza kurudi kila baada ya miaka michache. Tena pwani yetu ina sehemu nyingi zilizo bapa. Ardhi ikiinuka mita 1 tu katika kila mita 100, maji yakipanda sentimita 10 husogea mita 10 kuelekea mlangoni kwako.

Jambo la pili la kulielewa mapema: si kila ufukwe unaoliwa umeliwa na tabianchi. Mchanga unaochotwa, mikoko inayokatwa na matumbawe yanayovunjwa kwa ajili ya chokaa vimechangia sana. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilitangazwa hifadhi mwaka 1975. Kilikuwa na miti, na kasa walipanda kutaga. Miti ilikatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, na leo ni fungu linalofunikwa maji yakijaa. Ninalisema hili si kwa kulaumu, bali kwa sababu lina faida kwako. Joto la dunia huwezi kulizuia ukiwa Pangani, lakini lori la mchanga unaweza.

KISANDUKU: SIKU ZA KUWA MACHO

- Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Hizo ndizo siku za bamvua.
- Katika sehemu kubwa ya pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Ya alfajiri ndiyo mabaya, maana watu wamelala.
- Bamvua za Machi na Aprili, na za Septemba na Oktoba, huwa kubwa kuliko nyingine za mwaka. Za Machi na Aprili hukutana na masika, mito nayo ikiwa imejaa.
- Siku za kusi kali, hata kama bamvua ni la kawaida.
- Mamlaka za bandari huchapisha jedwali la maji la mwaka mzima. Nahodha yeyote atakusomea.

Pima mwenyewe

Kwa nini upime? Kwa sababu mbili. Bila kipimo hutajua kama ufukwe wako unaliwa au unapumua tu. Mchanga huondoka msimu mmoja na kurudi msimu mwingine, na watu wamewahi kuuza viwanja kwa bei ya kutupa kwa hofu ya mchanga ambao ungerudi baada ya miezi sita. Sababu ya pili ni kwamba ofisi haikusikilizi ukisema "bahari imekuja sana". Itakusikiliza ukisema "mita 7 kati ya Machi ya mwaka juzi na Machi hii, na daftari hili hapa".

1. Chagua alama tatu zisizohama: kona ya msikiti, nguzo ya umeme, mbuyu. Ziwe mbali na ukingo. Usitumie mnazi ulio mbele, maana huenda ukaondoka kabla yako.
2. Siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa, pima kwa futi ya kamba kutoka kila alama hadi pale majani ya nchi kavu yanapokoma au ukingo unapokatika. Usipime hadi kwenye maji. Hili ndilo kosa la kwanza la wengi, kwa kuwa mstari wa maji hubadilika kila saa.
3. Piga picha ukiwa umesimama palepale, ukitazama upande uleule. Andika tarehe.
4. Rudia mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kaskazi na mwisho wa kusi. Linganisha Machi na Machi, Septemba na Septemba. Ukilinganisha Machi na Septemba unajidanganya.
5. Daftari liwe la watu wawili au watatu. Walimu wa sayansi wa shule ya karibu hupenda kazi hii, na wanafunzi hawachoki kama sisi.

Sasa pima mwinuko. Bamvua kubwa likipita huacha mstari wa mwani na takataka. Chukua mpira mwembamba wa maji unaopitisha mwanga, ule mafundi wanaoutumia kusawazisha msingi. Mtu mmoja ashike ncha moja kwenye mstari wa takataka, mwingine ashike ncha ya pili kwenye kizingiti cha mlango wako. Tofauti mtakayoiona ndiyo akiba yako. Kama nyumba iko mbali kuliko urefu wa mpira, pigeni vigingi katikati na mjumlishe.

Akiba ya mita 2 inakupa muda wa kupanga. Iliyo chini ya nusu mita kwenye ufukwe ulio wazi kwa mawimbi maana yake ni kwamba vitu vya thamani, hati na mtungi wa gesi havifai kukaa sakafuni kuanzia leo. Ukiwa ndani ya hori lililotulia hali ni nafuu kidogo, lakini huko maji huja kimya na hukaa muda mrefu.

Kisima: hapa ndipo bahari inapoingia kwanza

Watu hutazama mawimbi, ilhali bahari tayari iko chini ya miguu yao. Katika visiwa na kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Wataalamu wa maji wana kanuni ya zamani inayofaa kila mwenye kisima aijue: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini yake. Igeuze kanuni hiyo. Ukivuta maji kwa pampu hadi yakashuka sentimita 10, chumvi inaweza kupanda hadi mita 4 kukufuata.

Ndiyo maana dawa inayotolewa na mafundi wengi, kuchimba zaidi, ni sumu. Kisima kikianza kuwa na chumvi, kukiongeza kina ni kukisogeza kwenye chumvi yenyewe. Mwenye nyumba hulipa mara mbili, mara ya kwanza kwa kuchimba, mara ya pili kwa kununua maji ya boza.

Ufanye nini:

1. Onja na uandike. Ulimi wa kawaida huanza kugundua chumvi ikifika karibu miligramu 250 za kloridi kwa lita. Mtu aliyezoea kisima chake hagundui, kwa hiyo mwonjeshe mgeni. Kipima chumvi cha mkononi ni bora zaidi, na mtaa mzima unaweza kuchangia kimoja.
2. Pima siku za bamvua, na pima mwisho wa kiangazi. Chumvi ikipanda siku za bamvua tu, bado una nafasi. Ikibaki juu hata baada ya masika, kisima kimeondoka.
3. Vuta kidogo kidogo. Nusu saa ya pampu, kisha kipumzike. Pampu kubwa inayojaza tangi kwa mara moja ndiyo inayoua kisima. Ndoo na kamba, tulizozidharau, hazijawahi kuua hata kimoja.
4. Kama mko wengi, visima vitatu vifupi vinavyotumika kwa zamu ni bora kuliko kirefu kimoja.
5. Zungumzeni na hoteli au bustani iliyo karibu. Mwenye bwawa la kuogelea anavuta kutoka kwenye maji yaleyale. Neno hili huleta ugomvi, kwa hiyo lipelekwe na kamati, si na mtu mmoja.

ONYO

Kuchemsha hakuondoi chumvi. Maji hupungua, chumvi inabaki, na ladha inakuwa kali zaidi. Dawa ya klorini nayo huua vijidudu tu. Tafiti zilizofanywa pwani ya Bangladesh zimehusisha maji ya kunywa yenye chumvi na shinikizo la damu, hata kwa wajawazito. Maji ya mvua yakiwa machache, wapewe kwanza mama mjamzito, mtoto mchanga na mwenye presha.

Kuna jambo la choo ambalo husahaulika. Bahari ikipanda, maji ya chini ya ardhi nayo hupanda, na shimo la choo lililokuwa kavu huanza kuogelea. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na sakafu ya shimo iwe mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Ukichimba ukakuta maji mapema, usiendelee. Inua choo juu kwa matofali, uwe na shimo fupi lililojengewa na linalonyonywa. Bila hivyo, mvua moja na bamvua moja vinatosha kuleta kipindupindu mtaani.

Vuna mvua kabla hujahesabu hasara

Hesabu yenyewe ni rahisi. Paa la bati la mita za mraba 40, mahali panapopata milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, hupokea lita 40,000. Toa moja ya tano kwa kuvuja na kumwagika, unabaki na lita 32,000. Familia ya watu sita ikitumia lita 30 kwa siku kwa kunywa na kupika tu, tangi la lita 2,000 huichukua zaidi ya miezi miwili. Vuli na masika zikijaza tangi, kiangazi chote hukiwezi kwa tangi moja, lakini miezi mibaya utaikata.

Mvua ya kwanza iache isafishe paa, imwagike. Ziba tangi kwa wavu dhidi ya mbu. Maji ya paa la makuti yafulie, usiyanywe. Kama familia haiwezi tangi, paa la msikiti, kanisa au shule ndilo kubwa kuliko yote mtaani, na mara nyingi halina hata mfereji mmoja.

Mchanga na ukuta

Ufukwe wenye mchanga ndio ukuta wako wa kwanza. Wimbi hutumia nguvu zake kupanda mchanga, likachoka. Mbele yake, mwamba wa matumbawe ulio hai huwa umeshavunja sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Mchanga huo wenyewe hutoka mitoni, kwenye matumbawe na ufukwe wa jirani, ukisafirishwa na mkondo. Ukikata njia yake popote, mtu wa mbele atakosa. Fukwe za Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ziliumia kwa sehemu kwa sababu mchanga ulichotwa kwenye vijito vinavyoingia baharini. Walioumia hawakuwa wale waliouza mchanga.

Kwa hiyo kabla ya saruji:

- Simamisheni uchotaji wa mchanga, ufukweni na mtoni. Mwenye kujenga aelezwe pia kwamba mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi hula nondo. Nyumba yake itapasuka.
- Acheni majani yanayotambaa ufukweni. Mwenye hoteli huyaona uchafu, kumbe yanashika mchanga. Mwani uliotupwa na maji nao usizolewe wote.
- Pandeni mikadi na mimea ya hapohapo ukingoni. Mvinje hukua haraka na kivuli chake kinapendeza, lakini mizizi yake haiendi chini sana. Ukingo ukiliwa huanguka na kuondoka na bonge la udongo.
- Wekeni njia moja au mbili za kwenda baharini, si kila nyumba na njia yake. Kila njia ni mlango wa maji.

Sasa ukuta. Wimbi likigonga ukuta ulionyooka halichoki. Hurudi na nguvu zake, likichimba mchanga wa chini ya msingi. Baada ya miaka michache ufukwe wa mbele unatoweka, msingi unabaki hewani, na ukuta unaanguka kifudifudi. Pale ukuta unapoishia, maji huzunguka na kula kwa jirani. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Pwani, ukijenga ukuta bila kuziba ufa, utaujenga tena.

Kuta za umma zipo na zimefanya kazi yake: kando ya Barabara ya Barack Obama jijini Dar es Salaam, mjini Pangani, na chini ya Fort Jesus kule Mombasa. Zilisanifiwa na wahandisi, zikagharimu fedha za miradi mikubwa, na kila moja inalinda kitu kisichoweza kuhamishwa. Mifuko ya mchanga, matairi na vifusi anavyomwaga mtu mmoja mbele ya nyumba yake ni jambo jingine kabisa.

Ikiwa hakuna njia nyingine, hakikisha haya yote manne, si matatu:

1. Mmekubaliana majirani wote wa ukanda huo, kwa maandishi.
2. Mhandisi ameona mahali penyewe wakati wa kupwa na wakati wa kujaa.
3. Tathmini ya athari kwa mazingira imefanyika na kibali kimetoka kwa mamlaka ya mazingira: NEMC kwa Tanzania Bara, ZEMA kwa Zanzibar, NEMA kwa Kenya.
4. Mchoro una mteremko wa mawe makubwa badala ya ukuta ulionyooka, msingi ulio chini ya mchanga unaohama, matundu ya kutolea maji ya mvua, na ncha zilizopindwa kuingia nchi kavu.

Mikoko: panda kidogo, linda kingi

Mikoko hupunguza mawimbi, hushika tope na hulea samaki na kaa. Hilo kila mtu analijua, na ndiyo maana kila mwaka watu hupiga picha wakiwa na miche mikononi. Ukirudi baada ya mwaka, miche mingi haipo.

Kosa kubwa ni kupanda mahali ambapo mikoko haikuwahi kuota. Mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi haufai, na majani ya baharini yenye samaki wake si uwanja mtupu wa kupandia. Kosa la pili ni kupanda aina moja tu, mkoko wenyewe, kwa sababu mbegu yake ndefu ni rahisi kuichomeka kwenye tope. Kila aina ina mahali pake. Mlilana husimama mbele kabisa baharini. Mkoko hufuata kwenye tope laini. Mkandaa hukaa nyuma zaidi. Mchu huvumilia chumvi kali, hata kule nyuma ambako maji hufika siku za bamvua tu. Tazama msitu ulio karibu, uige.

Anza kwa kuuliza kwa nini miti iliondoka. Kama ni barabara au tuta la shamba la chumvi limezuia maji, fungua njia ya maji kwanza. Mara nyingi mbegu zitakuja zenyewe na miti itaota bila mtu kuinama. Acha pia nafasi nyuma ya msitu. Bahari ikipanda, mikoko huhamia nchi kavu. Ikikuta ukuta mgongoni, huzama.

Fedha nazo zipo. Kijiji cha Gazi, Kwale, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, kimekuwa kikiuza hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko tangu 2013, na mapato yameingia kwenye maji na shule. Lakini Gazi walikuwa na msitu uliosimama na kamati inayoaminika. Mtu akija kijijini kwenu na mkataba wa hewa ukaa, msitie sahihi kabla wakili hajausoma na kabla mkutano wa kijiji haujaambiwa mkataba ni wa miaka mingapi.

Shamba la bondeni

Chumvi ikiingia kwenye mpunga, kama ilivyotokea katika mabonde kadhaa ya Pemba, usikimbilie mbolea. Tengeneza tuta dogo upande wa bahari, na kwenye mfereji weka mlango wa maji unaofunguka kwa kutoka na kujifunga kwa kuingia. Mvua za mwanzo zitumie kuosha udongo: jaza shamba, liache, limwage, rudia, ndipo upande. Muulize bwana shamba mbegu zinazostahimili chumvi. Shamba likilowa kila bamvua miaka mitatu mfululizo, ni wakati wa kuwaza kaa, chumvi au mikoko badala ya mpunga.

Kabla hujanunua kiwanja "chenye upepo mzuri"

- Nenda kukiona siku ya bamvua, saa kumi jioni. Muuzaji atakupangia saa nne asubuhi, maji yakiwa yamekupwa.
- Tafuta mashimo ya kaa na miche ya mikoko ndani ya kiwanja. Ikiwepo, bahari inakijua.
- Muulize bibi wa jirani, si dalali, maji yaliwahi kufika wapi.
- Onja kisima cha karibu.
- Tanzania Bara, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Kenya na Zanzibar zina taratibu zake. Uliza kabla hujatoa hata arubuni.
- Kumbuka kwamba mita 60 za leo hazitakuwa 60 mtoto wako atakapojenga.

Siku ya onyo

Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatoa tahadhari na boti za abiria kwenda Zanzibar zilisimamishwa. Kimbunga hakileti upepo tu. Mgandamizo wa hewa unaposhuka, bahari yenyewe huinuka, takriban sentimita 1 kwa kila hektopaskali. Kikikutana na bamvua, mstari wako wa takataka hauna maana tena.

Ukisikia tahadhari:

1. Angalia jedwali la maji. Onyo siku ya maji mafu na onyo siku ya bamvua si onyo moja.
2. Vuta vyombo juu kabisa, ondoa mashine. Usilale ndani ya chombo kukilinda.
3. Hati, vyeti, kadi za kliniki, dawa na simu viwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa.
4. Jaza maji safi kwenye madumu kabla kisima hakijaingiliwa.
5. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla maji hayajagusa sakafu.
6. Wazee, wagonjwa na watoto waondoke mchana. Mkubaliane mapema nani anambeba nani.
7. Hata bila tahadhari ya kimbunga, bahari ikikupwa ghafla kwa namna isiyo ya kawaida, usishuke kuokota samaki. Kimbilia juu. Desemba 2004 tsunami ilifika kwetu maji yakiwa yamekupwa, ndiyo maana madhara yalikuwa madogo. Hata hivyo, waogeleaji walikufa Dar es Salaam.

Kikao, barua na makaburi

Mtu mmoja mbele ya bahari ni mnyonge, na mbele ya ofisi ni mnyonge zaidi. Pitieni kwa viongozi wenu: sheha kwa Zanzibar, mwenyekiti na mtendaji kwa Bara, mzee wa mtaa na chifu kwa Kenya. Kamati za wavuvi na vikundi vya usimamizi wa fukwe vinatambuliwa kisheria. Vitumieni.

KISANDUKU: BARUA ISIYOTUPWA KAPUNI

- Vipimo kutoka kwenye daftari, angalau vya miaka miwili.
- Picha mbili za mahali pamoja, tarehe tofauti.
- Idadi ya nyumba, visima na ekari zilizoguswa, iliyohesabiwa nyumba kwa nyumba.
- Ombi moja tu. "Tunaomba mhandisi aje kabla ya masika" ni ombi. "Tunaomba mtusaidie" si ombi.
- Sahihi za wanaume na wanawake. Wanaochota maji na kulima mwani wanajua mambo ambayo mkutano wa wanaume hausemi.
- Nakala ibaki kwenu, ikiwa na mhuri wa kupokelewa.

Kuhama ni neno zito, na si la kuamuliwa usiku wa mafuriko. Kama vipimo vyenu vinaonyesha kwamba mstari wa kwanza wa nyumba hautadumu, tafuteni sasa eneo la juu la kijiji lipimwe na litengwe, kabla halijauzwa kwa mgeni. Wasiotaka kuhama kwa mara moja waachwe wahame kwa hatua: chumba cha kulala kwanza, jiko baadaye, na banda la nyavu libaki chini, maana mvuvi hawezi kuishi mbali na chombo chake. Makaburi yazungumzwe mapema na viongozi wa dini na wenye maiti wao. Vijiji vilivyonyamaza viliokota mifupa ufukweni.

Bamvua la kwanza baada ya kusoma haya liko ndani ya siku kumi na tano zijazo. Tafuta futi ya kamba na daftari, na umwombe jirani mmoja aje kukushikia ncha ya pili.